Jinsi ya Kuifufua Kamera ya Zamani ya Super 8 na Kupiga Filamu Tena

Kamera nyingi za sinema za nyumbani zinazouzwa leo kwa jina la mbovu hazina ubovu mkubwa. Zimekaa kabatini kwa miaka 40 au zaidi zikiwa na betri zilizovuja, vumbi kwenye njia ya filamu na kipima mwanga kilichotengenezewa aina ya betri ambayo haipo tena madukani. Mrithi akabonyeza kifyatulio, hakusikia mlio wowote, akahitimisha kwamba chombo kimekufa. Kuzirudisha kazini hakuhitaji karakana wala elimu ya uhandisi. Kunahitaji subira na mpangilio: kuanza na ukaguzi usiogharimu chochote, kuendelea na ule unaogharimu kidogo, na kuichelewesha filamu hadi mwisho kabisa, kwa kuwa filamu pamoja na uoshaji wake ndivyo vinavyokula fedha. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Unahusu hasa kamera za Super 8, ambazo ni nyingi na filamu yake bado inatengenezwa, lakini kamera za springi zilizozitangulia nazo zimepewa nafasi.

Ijue kamera kabla ya kuinunulia chochote

Kampuni ya Kodak ilileta filamu ya milimita 16 mwaka 1923, na mwaka 1932 ikaleta ya milimita 8 ili kupunguza gharama kwa familia. Hii ya mwaka 1932, ambayo siku hizi huitwa Regular 8 au Double 8, kwa kweli ni utepe wa milimita 16 wenye matundu maradufu pembeni: hupigwa upande mmoja, kisha kibiringo hugeuzwa na kupigwa upande wa pili, na maabara ndiyo inayoupasua utepe katikati baada ya kuuosha. Mwaka 1965 ikaja Super 8, ambayo filamu yake imefungiwa ndani ya kaseti ya plastiki inayopachikwa kwa sekunde chache. Mwaka huohuo Fuji ya Japani ilitoa Single-8, yenye filamu ya vipimo vilevile lakini kaseti ya umbo tofauti kabisa, na hakuna namna ya kuiingiza kaseti ya Super 8 humo. Ukishahakikisha kwamba hamna filamu ndani, kama sehemu inayofuata inavyoeleza, fungua mlango wa kamera: ukikuta nafasi ya mstatili isiyo na vibiringo, na dirisha dogo la filamu upande wa mbele, hiyo ni kamera ya kaseti, ukikuta vigingi viwili vya kuwekea vibiringo, hiyo ni ya milimita 8 ya zamani au ya milimita 16, na upana wa njia ya filamu pamoja na maandishi ya kiwandani yatakuambia ni ipi.

Kuna jambo moja zaidi la kutazama, nalo ni sauti. Kuanzia mwaka 1973 zilitengenezwa kamera za Super 8 zinazorekodi sauti kwenye ukanda wa sumaku uliobandikwa pembeni mwa filamu. Kaseti za sauti zilikoma kutengenezwa miaka ya 1990, lakini kamera hizo hupokea kaseti za kimya bila tatizo, kwa hiyo usiikatae kamera nzuri kwa sababu tu ina tundu la maikrofoni. Kinyume chake hakiwezekani: kaseti ya sauti ni ndefu zaidi kwenda chini na haitaingia katika kamera ya kimya.

Kama bado hujanunua, ushauri wangu ni kuchagua kamera yenye uwezo wa kuweka tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, kwa mkono na inayotumia betri za kawaida za ukubwa wa AA. Canon 814 XL-S na 1014 XL-S, Nikon R8 na R10, na Nizo nyingi za kampuni ya Braun zinakuruhusu kuliamulia tundu mwenyewe, na uwezo huo utakuokoa pale kipima mwanga kitakapokataa. Beaulieu 4008 ya Ufaransa ni chombo cha hali ya juu sana, lakini hutegemea betri yake maalumu ya kuchajiwa, ambayo baada ya miongo yote hii karibu kila mara imekufa na hulazimu kujengwa upya. Si kamera ya kuanzia. Kwa kulinganisha, Kodak yenyewe ilianza kuuza kamera mpya ya Super 8 mwishoni mwa mwaka 2023 kwa bei ya zaidi ya dola 5,000 za Marekani, na ndiyo maana kufufua ya zamani kuna maana kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Angalia kama mna filamu ndani

Kabla ya kufungua mlango, soma kihesabio cha filamu. Kikiwa hakiko kwenye mwanzo, huenda mna filamu iliyopigwa nusu, na huenda mna watu wa familia yako ambao hawapo tena duniani. Kwa Super 8 hatari ni ndogo, kwa kuwa mlango ukifunguliwa mwanga huharibu sehemu fupi tu iliyo dirishani; toa kaseti, izungushie karatasi ya alumini na uiweke mahali pa baridi. Kwa kamera ya vibiringo, usifungue kabisa kwenye mwanga. Ingia chumba chenye giza totoro, toa kibiringo na ukifungie ndani ya mfuko mweusi. Kama ni Kodachrome, filamu ya rangi ya zamani ya Kodak, fahamu kwamba rangi zake haziwezi kutolewa tena, kwa sababu maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiziosha, Dwayne's Photo ya Parsons katika jimbo la Kansas, ilipokea kazi za mwisho Desemba 2010. Maabara maalumu bado zinaweza kupata humo picha za rangi nyeusi na nyeupe, na mara nyingi nyuso hutambulika.

Umeme

Fungua chumba cha betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vishikizo vya chuma, betri za alkali zilivuja. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya ndimu, kikamue kisidondoshe, usugue unga huo hadi uache kutoa povu, halafu pitisha kijiti kingine chenye spiriti ya dukani ili kuondoa asidi na kukausha. Mahali palipokaza zaidi, tumia msasa laini sana au kifutio cha penseli. Usimwage kitu chochote cha majimaji ndani ya chumba hicho, kwa sababu chini yake kuna nyaya. Kama waya mmoja umeliwa na kutu hadi kukatika, fundi redio au fundi simu wa mtaani anaweza kuuchomelea kwa dakika chache, ilimradi umwonyeshe waya wenyewe na umwombe asifungue sehemu nyingine.

Weka betri mpya za alkali, zote za aina moja na za siku moja. Betri za kuchajiwa za volti 1.2 huendesha mota nyingi vizuri, lakini huenda kipimo cha betri cha kamera kikazionyesha kuwa dhaifu hata zikiwa zimejaa. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza ufanye kwa alkali, usije ukaitilia shaka kamera kwa kosa la betri. Bonyeza kifyatulio. Kikinyamaza, hakikisha kwamba kifuli cha kifyatulio hakijafungwa, kwamba betri hazijageuzwa, na kwamba kamera haiko kwenye mpangilio wa picha mojamoja. Kisha zungusha swichi zote nenda rudi mara nyingi, kwa kuwa vishikizo vyake hufunikwa na utando wa kutu usioonekana, na msuguano peke yake huuondoa. Mota iliyolala miaka mingi wakati mwingine huamka kwa kusitasita, ikakokota kwa sekunde kadhaa, kisha ikapata mwendo. Iache izunguke kwa vipindi vifupi, ipumzike, uirudie. Usipulizie mafuta ya makopo ndani ya kamera kwa nia ya kuisaidia. Mafuta hayo husambaa hadi kwenye shata, yaani kizibo kinachofungua na kuziba mwanga, na kwenye lenzi, hukusanya vumbi, na kamera iliyokuwa na tatizo la nusu saa huwa na tatizo lisilotibika.

Usafi wa njia ya filamu na lenzi

Katika Super 8 kibao kinachoikandamiza filamu kimo ndani ya kaseti yenyewe, kwa hiyo upande wa kamera kazi yako ni dirisha la filamu tu, lile tundu dogo la mstatili ambamo mwanga wa lenzi hupita, pamoja na ukucha unaoivuta filamu chini. Puliza vumbi kwa puto la mpira la kupulizia lenzi, wala si kwa mdomo, kwa kuwa mate hufuata pumzi. Uchafu mgumu uliogandamana, ambao mara nyingi ni mabaki ya dawa ya filamu, uondoe kwa kijiti cha mti kilichochongwa ncha na kuloweshwa spiriti kidogo. Chuma kisiguse hapo kamwe: mkwaruzo mdogo kwenye dirisha huchora mstari kwenye kila mita ya filamu utakayopiga maisha yako yote. Maliza kwa kumulika tochi na kuhakikisha kwamba hakuna unywele wala uzi pembeni, kwani picha ya Super 8 haifiki upana wa milimita 6, na unywele ambao hungeuona mkononi utaonekana kama kamba ukutani.

Lenzi ikaguliwe kwa kumulika tochi upande mmoja na kutazama upande wa pili. Vumbi chache ndani halina madhara. Kinachohitaji uangalifu ni kuvu, ambao huonekana kama nyuzi nyembamba za buibui zinazotambaa kutoka ukingoni mwa kioo. Kwa wanaoishi pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, huyu ndiye adui mkuu, kwa kuwa joto na unyevu wa huku ndivyo avipendavyo. Kuvu wa juu ya kioo cha mbele huondoka kwa dawa ya kusafishia lenzi na kitambaa laini. Wa ndani anahitaji mtaalamu, na gharama yake mara nyingi hupita bei ya kamera. Akiwa kidogo, mwache alipo na upige picha zako, maana athari yake huwa ni weupe kiasi unapoelekea mwanga. Kisha ihifadhi kamera ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli, wala si ndani ya mkoba wake wa ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na kuutunza.

Wakati huohuo rekebisha kioo cha kuchungulia kulingana na jicho lako, jambo ambalo wengi huliruka na baadaye hulalamika kwamba picha zina ukungu. Vuta kitu cha mbali hadi mwisho wa uwezo wa lenzi, weka umbali kwenye alama ya upeo usio na kikomo, kisha zungusha pete ya kwenye kioo cha jicho mpaka mlima au mnara ulio mbali uonekane bila ukungu.

Mwendo

Fungua mlango, elekeza lenzi dirishani kwenye mwanga wa mchana, bonyeza kifyatulio na utazame kwa nyuma. Mwanga unapaswa kumetameta kwa mdundo usiobadilika na ukucha uonekane ukishuka na kupanda. Sikio linatambua mota inayosuasua, lakini kipimo cha uhakika unacho mfukoni. Simu nyingi za leo hurekodi video ya mwendo wa polepole kwa fremu 240 kwa sekunde. Irekodi ile mimeto ya dirishani, kisha pitia video hiyo fremu kwa fremu na uhesabu fremu zilizopita kuanzia mmeto wa kwanza hadi wa kumi na moja. Kamera inayokwenda picha 18 kwa sekunde itakupa fremu 133 hivi, ya picha 24 itakupa 100, na ya picha 16 itakupa 150. Tofauti ya fremu tatu au nne si kitu. Ikiwa kamera ya picha 18 inakupa 160, inakwenda polepole, watu wataonekana wakikimbia unapoionyesha filamu kwa kasi sahihi, na kila picha itapokea mwanga mwingi kuliko ilivyokusudiwa. Badilisha betri, safisha tena vishikizo, na kama haibadiliki, iendeshe kwa vipindi vifupi kwa siku kadhaa kabla ya kukata tamaa.

Kipima mwanga, ambacho hukosea bila kuonyesha dalili

Mota iliyokufa hujitangaza. Kipima mwanga kibovu hakijitangazi: kamera hulia vizuri, kihesabio hutembea, nawe hupokea filamu nyeusi tii wiki kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo sehemu hii inastahili muda mwingi kuliko nyingine zote.

Tafuta kwanza kipima mwanga kinapata wapi umeme. Katika kamera nyingi za baadaye hutumia betri zilezile za mota. Katika nyingine, Nizo za miaka ya 1970 zikiwamo, kina chumba chake kidogo cha betri za kifungo aina ya PX625, ambazo zilikuwa za zebaki na zilitoa volti 1.35 bila kuyumba hadi zinapokwisha. Betri za zebaki zimepigwa marufuku kwa sababu za afya na mazingira. Zile za alkali zenye umbo hilohilo huingia vizuri, lakini huanza na volti 1.5 na hushuka kadiri zinavyotumika, na kipima mwanga kinachopewa volti zaidi hudhani kwamba kuna mwanga zaidi, kikalibana tundu, na picha zikatoka na giza. Njia nafuu ni betri za zinki na hewa za namba 675, zinazouzwa kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya kusaidia kusikia. Hutoa volti 1.4 na hazishuki sana. Ni nyembamba kuliko PX625, kwa hiyo zizungushie pete ya mpira ili zikae katikati. Ukishabandua karatasi yake, iache ivute hewa kwa dakika chache kabla ya kuipachika, na ujue kwamba itaisha baada ya wiki kadhaa hata usipoitumia. Njia ya kudumu ni kiunganishi maalumu chenye umbo la PX625 kinachopunguza volti za betri ya fedha. Kamera za zamani zaidi zenye kioo cha vijipande vingi juu ya lenzi hutumia seleniamu, ambayo haihitaji betri lakini hupungua nguvu kwa umri, na iliyodhoofika haina tiba ya nyumbani.

Pili, fahamu namna kamera inavyoitambua filamu. Kaseti ya Super 8 ina mkato ubavuni, na mahali ulipo mkato huo ndipo kamera inaposoma kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga. Kamera za bei ya juu husoma kasi nyingi. Za bei ya chini husoma mbili tu, yaani 40 na 160 kwa filamu ya taa za ndani, ambazo kichujio cha rangi kilicho ndani ya kamera, kitakachoelezwa hapa chini, kikiwa mahali pake huhesabiwa kuwa 25 na 100. Ukiweka leo filamu ya Kodak Vision3 500T, yenye kasi ya 500, katika kamera ya aina hiyo, itaichukulia kuwa ya 160 na kuipa mwanga zaidi ya mara tatu ya inavyohitaji. Usiogope hilo, kwa kuwa filamu za negativu, ambazo picha yake hugeuza mwanga kuwa giza na giza kuwa mwanga, hustahimili mwanga uliozidi kwa hatua mbili na hata zaidi (kila hatua ni mwanga maradufu au nusu yake), na maabara hurekebisha. Zisichostahimili ni mwanga uliopungua. Filamu chanya, yaani za kutazamwa moja kwa moja baada ya kuoshwa, kama Ektachrome 100D, hazina ustahimilivu huo pande zote mbili, na kosa linalozidi nusu hatua huonekana waziwazi, kwa hiyo usianze nazo.

Tatu, kuna kichujio cha rangi ya machungwa kilichofichwa ndani ya kamera. Kiliwekwa kwa sababu filamu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa taa za ndani, nacho kiliziwezesha kupiga mchana. Kwenye swichi yake, alama ya jua maana yake kichujio kipo, na alama ya taa maana yake kimeondolewa. Ukitumia 200T au 500T, ambazo ni za taa za ndani, ukiwa nje, weka alama ya jua. Ukitumia 50D, Ektachrome au Tri-X ya rangi nyeusi na nyeupe, ambazo zimetengenezwa kwa mwanga wa mchana au hazijali rangi, weka alama ya taa hata kama uko juani, la sivyo utapoteza mwanga bure na, kwa filamu za rangi, kupata picha za manjano. Kamera nyingi hukiondoa zenyewe kaseti isipokuwa na mkato wa kichujio, lakini hakikisha kwa macho: chungulia kutoka dirishani na uone kama mwanga ni mweupe au wa machungwa. Katika baadhi ya kamera kichujio huondolewa kwa kuchomeka kiskrubu au kibao kwenye nafasi ya taa iliyo juu ya kamera.

Sasa pima. Pachika kaseti mpya bila kubonyeza kifyatulio hadi mwisho, elekeza kamera kwenye ukuta wa kijivu au nyasi zilizo juani, na usome namba ya f, yaani kipimo cha tundu la lenzi (namba kubwa ni tundu dogo), ndani ya kioo cha kuchungulia. Weka programu ya kupima mwanga kwenye simu, iambie kasi ya filamu yako na muda wa sehemu 1 ya 40 ya sekunde kwa kamera ya kawaida ya picha 18, au sehemu 1 ya 30 kwa zile zenye herufi XL, ambazo shata yake ina uwazi mkubwa zaidi, kisha ulinganishe. Rudia kivulini na ndani ya chumba. Ikiwa tofauti ni ileile kila mahali, kipima mwanga kina uhai na unachohitaji ni kusahihisha kwa mkono. Ikiwa tofauti inarukaruka, kiache kabisa na uongozwe na simu. Kama huna hata simu, kumbuka kwamba chini ya jua kali la mchana filamu ya 50 kwa picha 18 hutaka f/16 hivi.

Kamera za springi

Bolex za Uswisi, Bell & Howell za Marekani na Quarz zilizotengenezwa Umoja wa Kisovieti hazihitaji betri kwa mwendo, na kwa wasio na umeme wa uhakika ni baraka. Kaza springi taratibu hadi ikatae, usiilazimishe, kisha iache izunguke ikiwa tupu kwa kasi ndogo mara kadhaa ili grisi ya zamani ilainike. Bolex H16 isiendeshwe bila filamu kwa kasi kubwa zaidi ya picha 32, kwa kuwa mitambo yake inategemea uzito wa filamu kujizuia. Springi inayosita katikati ni kazi ya fundi saa mwenye mikono mitulivu na mwongozo wa kamera husika, ambaye ataongeza tone dogo la mafuta ya saa pale tu mwongozo unapoonyesha. Usiweke kamera kabatini springi ikiwa imekazwa.

Filamu ya Double 8 bado inatengenezwa na kampuni ya Foma ya Jamhuri ya Czech kwa jina la Fomapan R 100. Ipachike kivulini, ukiwa umelipa jua mgongo. Kibiringo kina takriban mita 7.6 za kupiga pamoja na ziada kila mwisho inayokubali kuunguzwa na mwanga. Kwa picha 16 kila upande utakupa dakika mbili na sekunde tano. Katika jua letu, filamu hii yenye kasi ya 100 huhitaji tundu dogo kuliko f/16 ambayo ndiyo mwisho wa lenzi nyingi za zamani, kwa hiyo funga kichujio cha kijivu cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi.

Kaseti ya kwanza

Kwa kuanzia nunua Vision3 200T, au 50D kama utapiga juani tu. Ihifadhi kwenye friji, na uitoe saa kadhaa kabla ya kufungua pakiti ili mvuke usigande juu yake. Usiiache ndani ya gari juani. Chora alama ndogo ya kalamu ya wino kwenye kipande cha filamu kinachoonekana, pachika kaseti, endesha sekunde moja, itoe na uangalie: alama ikiwa imetoweka, filamu inavutwa. Ikiwa ipo palepale, gonga kaseti polepole kwenye kiganja, isukume filamu chini kwa kidole kidogo tu, ujaribu tena. Kihesabio kitarudi mwanzo kila unapotoa kaseti, kwa hiyo andika.

Kaseti ina mita 15 na picha 3,600 hivi, sawa na dakika 3 na sekunde 20 kwa picha 18, au dakika 2 na nusu kwa picha 24. Itumie ya kwanza kama mtihani, wala usiipeleke harusini. Piga kwanza saa yenye mshale wa sekunde kwa sekunde kumi. Kisha piga tukio moja la juani mara tatu, ukitumia namba ya kamera, hatua moja zaidi na hatua moja pungufu, na kila mara piga kwanza karatasi yenye namba iliyoandikwa kwa kalamu nene. Rudia kivulini na ndani. Piga kitu cha karibu na cha mbali kwa lenzi iliyovutwa hadi mwisho, ukiwa umeweka kamera juu ya miguu mitatu, na ufunike kioo cha jicho wakati jicho lako halipo, kwa kuwa mwanga unaoingia kwa nyuma hukidanganya kipima mwanga. Sehemu iliyobaki piga watu unaowapenda, kila pigo sekunde sita hadi kumi, bila kuzungusha kamera haraka. Saa ya kwanza baada ya kuchomoza jua na ya mwisho kabla ya kuzama hutoa ngozi nzuri na vivuli laini kuliko mchana wa saa sita. Neno EXPOSED likijitokeza kwenye filamu ya dirishani, kaseti imekwisha.

Kuosha na kuhamisha

Studio ya kawaida ya picha haiwezi kuosha filamu ya Vision3, kwa kuwa hutumia mchakato wa sinema uitwao ECN-2. Ektachrome huenda kwa E-6, na Tri-X kwa mchakato wa nyeusi na nyeupe. Maabara kama Andec ya Berlin na Pro8mm ya Burbank huko California zimebobea katika filamu hizi. Ni nafuu kukusanya kaseti kadhaa na kuzituma pamoja, ingawa zisikae muda mrefu kwenye joto baada ya kupigwa. Kama unazibeba kwa ndege, zisiingie kwenye mzigo wa chini, na mlangoni omba zikaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za CT za kukagua mizigo huunguza filamu ya kasi yoyote. Ziweke kwenye mfuko unaoona ndani ili afisa asihitaji kufungua chochote, na kamwe asishawishike kuvuta filamu kutoka kaseti.

Agiza kuosha na kuhamisha kwenda dijitali kwa pamoja, ukitaja kwamba unataka kila picha ichukuliwe peke yake kwa ubora wa 2K au zaidi, na faili ichezwe kwa picha 18 ikiwa ndivyo ulivyopiga. Omba pia wasisahihishe mwanga wa kaseti ya mtihani. Wakiusahihisha, zile karatasi zako zenye namba hazitakuambia kitu. Filamu itakaporudi, tazama ni pigo lipi kati ya yale matatu lenye maelezo kivulini na kwenye mawingu, na uandike tofauti hiyo kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya mlango wa kamera. Toa betri zote kabla ya kuirudisha kwenye chombo chake.